Sacco yetu inataka kuweka mashine ya tiketi ya kioo cha kugusa steji ya Kisumu. Waliozitumia njooni

Karani_Ksm (mleta uzi)

Wakuu, salamu kutoka Kisumu. Mimi ni karani wa buking kwenye sacco moja ya matatu hapa steji; jina msiniulize. Magari yetu ni ya aina mbili: yanayokwenda Nairobi kupitia Kericho na Nakuru, na yale ya karibu, ya Kakamega, Luanda na Busia.

Wakubwa wameletewa ofa na wauzaji wa mashine. Ni kabati la chuma la urefu wa mtu, mbele lina kioo kikubwa cha kugusa, ndani lina printa. Abiria anagusa anakokwenda, anachagua gari, anachagua kiti kwenye mchoro, anaandika namba ya simu, ombi la malipo linamfikia, anatia PIN kwenye simu yake mwenyewe, tiketi inachomoza. Karani hayumo katika maelezo hayo. Nimemtafuta hadi ukurasa wa mwisho.

Lakini sikuja hapa kulilia kazi. Nimeambiwa niandike maoni ya ofisi kabla wenye magari hawajakutana, na sitaki kupeleka karatasi ya kusema "mashine ni mbaya" halafu nionekane natetea kiti changu. Nataka nipeleke hoja.

Ninavyoona mimi, mashine ya namna hii inauza kitu chenye bei, saa na kiti. Gari la Nairobi lina vyote vitatu, angalau kwenye karatasi. Lina saa yake ya kutoka, kiti namba saba ni namba saba, bei imebandikwa dirishani. Gari la Kakamega halina hata kimoja. Linatoka likijaa. Kiti chako ni pale utakapojibana. Bei ni ile makanga anayoimba mlangoni, na mvua ikianza jioni watu wakitoka kazini anabadilisha wimbo. Sasa hapo kioo kitauza nini?

Reli haikusumbuka na jambo hili. Madaraka Express ilipoanza mwisho wa Mei 2017 kati ya Nairobi na Mombasa, watu walizoea upesi kulipa kwa simu na kuchapisha tiketi stesheni, kwa sababu treni ina behewa, ina kiti na ina saa. Reli hiyo mpya ilifika Suswa mwaka 2019 ikakomea huko, na sisi huku tumebaki na ile ya zamani iliyofika Port Florence, yaani hapa Kisumu, mwaka 1901. Kwa hiyo abiria wangu ambaye amewahi kuguswa na mambo haya ya kugusa aliguswa Syokimau, kwenye stesheni ya Nairobi ya reli hiyo mpya, si hapa.

Na kuna jambo ambalo wauzaji hawakuliandika. Abiria wa Nairobi mwenye simu nzuri tayari anakata tiketi akiwa kitandani. Hamhitaji karani wala kabati. Anayekuja dirishani kwangu ni mwingine: mwenye simu ya kubonyeza, mzee anayekwenda kliniki na barua ya daktari ndani ya bahasha ya kaki, mama mwenye magunia, mtoto anayepelekwa kwa shangazi yake nauli imefungwa kwenye leso. Hao ndio mashine itakutana nao. Muuzaji ameleta picha za vijana wenye vipakatalishi.

Aliyewahi kuzitumia, kuzifunga au kuzing'oa, aseme.

MakangaMstaafu

Karani, nivumilie nikupe historia, maana vijana mnafikiri mambo yameanza na nyinyi.

Serikali ilisema kuanzia Julai 1, 2014 nauli zote za matatu zilipwe bila pesa taslimu. Kadi zilikuwa zimeshaanza. Google na benki ya Equity walileta BebaPay mwaka 2013, wengine wakaleta zao. Abiria ana kadi ya hawa, gari lina mashine ya wale. Betri ikiisha saa tano, siku nzima iliyobaki ni noti na sarafu kama kawaida. BebaPay ilifungwa 2015, na zile nyingine sijui zilizikwa kwenye droo gani.

Watu husema zilishindwa kwa sababu ya mtandao. Hapana. Zilishindwa kwa sababu ya hesabu. Mwenye gari anataka hesabu yake ya siku. Kinachozidi ndicho changu na dereva, na kabla hakijawa changu kimeshalipa mafuta, watu wa steji, kijana wa kuosha gari, na yale ya barabarani ambayo siandiki hapa. Mafuta nayaweka asubuhi, si mwisho wa mwezi. Pesa ikiingia moja kwa moja kwenye akaunti ya ofisi, nitaendesha gari kwa maombi?

Angalia M-Pesa sasa. Iliingia ndani ya matatu bila waziri kuamuru. Kwa nini? Kwa sababu pesa inaingia kwenye simu ninayoishika mimi, naiona, na nikifika petroli nalipa nayo. Marehemu Michuki, akiwa waziri wa uchukuzi, mwaka 2004 aliweza mikanda, mstari wa njano na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, kwa sababu gari lisilo navyo lilionekana kwa macho likazuiwa. Pesa haina mstari wa njano.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji wenu si kioo. Ni hili: abiria akilipa, pesa inalala wapi, na inamfikia dereva saa ngapi?

Swali la pili. Bei ndani ya hiyo mashine inabadilishwa na nani? Shule zikifunguliwa, Krismasi ikikaribia, mtu mmoja ataingiza nenosiri na bei itapanda steji nzima kwa dakika moja. Makanga akipandisha nauli unaweza kumtukana, kubembeleza, kushuka. Kioo utakitukana?

Karani_Ksm

Mzee wangu, hilo la nenosiri sikuliwaza kabisa. Nitauliza. Endeleeni.

FundiVioo

Mimi kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mashine za malipo huku magharibi, kwa hiyo niacheni niseme kuhusu kioo chenyewe. Wauzaji huonyesha mashine ofisini, kwenye pazia na feni. Steji haina pazia.

Kioo cha kugusa si kitu cha jana. Mwingereza E. A. Johnson alikieleza mwaka 1965, akiwafikiria waongoza ndege. Lakini viko vya aina kadhaa, bei zinapishana, na hapo ndipo mtapigwa.

Kuna kinachohisi kubanwa. Ni tabaka mbili nyembamba zenye nafasi kati yake. Ukibana zinakutana, mashine inajua ni wapi. Kinakubali kidole, ukucha, kalamu, hata kona ya kitambulisho. Ubaya wake tabaka la juu ni plastiki, na watu wa steji wanagusa kwa funguo. Kinakwaruzika, kinafifia, mwisho mtu anabana kwa kidole gumba kwa hasira.

Kuna cha aina ya simu zenu, kinachohisi chaji ya umeme mwilini kupitia kidole. Juu ni glasi ngumu, hakichoki haraka. Lakini glavu kinaikataa, na tone la maji kinaweza kulihesabu kidole. Mvua zetu za alasiri huja na upepo wa ziwa, maji yanaingia kwa ubavu hata chini ya paa. Kipo kilichorekebishwa kivumilie maji. Msipokitaja kwenye mkataba mtaletewa cha kawaida.

Cha tatu kina miale isiyoonekana inayokatiza juu ya kioo kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kidole kikikata mwale, mashine inasoma. Ni nafuu kwa kioo kikubwa, kwa hiyo nahisi ndicho mlicholetewa. Ndani ya jumba Nairobi kinafanya kazi vizuri. Hapa Kisumu kuna wale wadudu wadogo wa ziwa wanaokuja kwa maelfu usiku na kufunika kila chenye mwanga. Kila mdudu akitua ukingoni ni kidole. Mtaamka mkute gari la saa kumi na moja alfajiri limejaa na abiria hakuna.

Jua sasa. Mwanga wa skrini hupimwa kwa niti. Za ndani ya nyumba ni niti 300 hivi. Ya kusomeka nje mchana inataka 1,000 na zaidi. Mwambieni aandike hiyo namba. Skrini yenye mwanga mkali inatoa joto, joto linataka feni, feni inavuta vumbi. Kwa hiyo muulize pia kiwango cha kabati. IP65 maana yake vumbi haliingii na maji ya kurushwa kwa bomba hayaingii. Lakini kabati lililozibwa hivyo likiwekwa juani linajipika lenyewe. Liwe kivulini, na lisitazame mashariki wala magharibi. Sisi tuko kwenye ikweta, si inapita Maseno hapo? Jua letu linatoka usoni na kuzama usoni. Geuzeni uso wa mashine kusini au kaskazini, hilo halina gharama hata senti.

Radi msiisahau. Kutoka Kisii hadi Kakamega ni nchi ya radi. Waya wa ardhini uwe wa kweli, si kipande cha chuma kilichochomekwa kwenye kokoto mbele ya mkaguzi, na kinga iwekwe kwenye umeme na kwenye antena pia. Umeme ukikatika, betri ya akiba haihitaji kuendesha mashine siku nzima. Inatakiwa imalize tiketi iliyoanza na kuzima mashine kwa utaratibu. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima iliingia gizani usiku. Mashine nyingi nilizoitiwa wiki iliyofuata hazikuungua, zilizimika katikati ya kuandika.

Karatasi: hizo printa hazina wino, zinaandika kwa joto. Tiketi ikiachwa kwenye dashibodi ya gari juani inageuka nyeusi. Abiria atakuja kudai mzigo na karatasi isiyosomeka. Namba ya tiketi itumwe pia kwa meseji.

La mwisho ndilo kubwa. Ombi la malipo limetumwa kwenye simu, mtandao umezubaa. Mashine imesubiri, imechoka, imekiachilia kiti. Abiria sasa ndiyo anatia PIN. Pesa imekwenda. Kiti kile mwingine amekinunua kwenye simu yake akiwa Kondele. Muulize muuzaji: mashine ikikosa jibu, inauliza upya hali ya muamala kabla ya kuachilia kiti, au inakata tamaa tu? Na asijibu kwa mdomo. Afanye mbele yenu, mtu azime simu kabisa ombi likiwa njiani, aiwashe baadaye, muone kiti kinakwenda kwa nani.

Jirani_wa_Steji

Nimepita tu. Mkiifunga niambieni mapema nikodi nafasi ya kuweka mwavuli na benchi kando yake, niwasaidie watu kubonyeza kwa shilingi kumi.

Karani_Ksm

@Jirani_wa_Steji umecheka lakini hiyo ni biashara ya kweli.

@FundiVioo asante sana. Hiyo ya kiti kimoja watu wawili naijua hata bila mashine. Saa ya kutoka imefika, injini inanguruma, huyu ananisogezea simu usoni nione meseji ya malipo, yule ameshikilia tiketi ya karatasi, wote namba saba, na dereva anapiga honi kana kwamba mimi ndiye niliyekalia kiti. Ninachofanya ni kumwomba mmoja apande linalofuata, namtolea chenji ya chai kutoka mfukoni mwangu, naipigia ofisi ya Nairobi imwambie nduguye asubiri. Kabati litafanya nini dakika hiyo?

NyarAhero

Mimi ni mfanyabiashara, natuma mchele Nairobi kutoka Ahero, na samaki siku nyingine. Nilichotaka kujua ni mzigo unagusiwa wapi kwenye hiyo mashine. Mana nasikia kiti, kiti, kiti. Gunia langu halina namba ya kiti. Linapimwa kwa jicho la makanga na mdomo wangu, tunapatana, linapanda juu au linaingia buti. Mashine haina mzani wala haina mdomo.

Halafu niwaambie nilichoona benki moja mjini, siitaji. Mlangoni waliweka kioo cha kutoa namba za foleni. Kimeandikwa huduma nane kwa Kiingereza. Watu wakiingia wanasimama mbele yake, wanakitazama, halafu wanamtazama askari. Askari ameweka rungu chini ya kwapa, anauliza, "Mama, unaweka ama unatoa?" Anabonyeza yeye, anachana karatasi, anakupa. Siku nzima. Ameajiriwa kulinda mlango, na sasa ni karani wa kioo bila nyongeza ya mshahara. Siku asipokuwapo foleni inafika barabarani.

Mkiniambia mashine itaandika bei kubwa, ionekane hata kutoka ng'ambo ya barabara, mimi naitaka kesho. Siyo ya kununulia. Ya kuona bei tu. Nikifika na magunia matatu jua limezama, nijue nauli ya leo ni ngapi kabla kijana hajanishika mkono.

Omwami_Chavakali

Mama amesema. Sisi wa Chavakali na Mbale hatupandii steji hata. Tunapandia barabarani. Ninapungia mkono gari likiwa linatoka Kisumu, linasimama, naingia, nalipa ninaposhuka Majengo au nyumbani. Hiyo tiketi ya kioo nitaipitia Kisumu kufanya nini?

Fimbo_Nyeupe

Nisomeni vizuri jamani. Mimi sioni, na nasafiri peke yangu Kisumu kwenda Nairobi na kurudi. Simu yangu inanisomea. Nikipitisha kidole inataja kilicho chini ya kidole, nikigusa haraka mara mbili inakubali. Ndiyo ninavyoandika hapa. Kioo chenu cha steji hakitataja kitu. Kwangu ni glasi tupu yenye joto.

Lipo suluhisho na ni la zamani: tundu la kuchomeka spika za masikioni, mashine isome kwa sauti, na vitufe vya kweli vya kubonyeza chini ya kioo. Mashine za ATM zina vitufe, na kile cha namba 5 kina nundu ndogo, ukiigusa unajua zingine ziko wapi. Ulaya wameshaliweka kisheria. Mwongozo wao wa mwaka 2019 ulianza kutumika tarehe 28 Juni 2025, na mashine za tiketi zimetajwa humo. Zilizokuwa zikitumika kabla ya siku hiyo zinaweza kuachwa mpaka zichoke, ilimradi zisipite miaka 20 kazini. Sasa nami ni mtu wa kushuku: mashine zisizosema zikianza kutolewa kule, zitatafuta kwa kwenda. Karani, uliza yenu ilitengenezwa mwaka gani.

Hapa kwetu pia tusijifanye hatuna sheria. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinataja mtu mwenye ulemavu kufika mahali pote, kupanda usafiri wa umma na kupata habari. Na si wasioona tu. Mwenye kiti cha magurudumu hafiki juu ya kabati la urefu wa mtu. Marekani kipimo chao cha kitu cha kushikwa kwa mkono ni sentimita 122 kutoka chini, kisizidi. Pimeni mchoro wa viti uko wapi kwenye kioo hicho.

Jambo moja zaidi. Nikiandika namba yangu ya simu kwenye kioo kikubwa, aliye nyuma yangu anaisoma, pengine na jina langu. Mimi siwezi hata kujua kama kuna mtu nyuma. Namba ifichwe baada ya kuandikwa, na ukurasa ujifute mtu akiondoka. Sheria ya kulinda data tunayo tangu 2019, muuzaji asiwaambie hajaisikia.

Karani_Ksm

Ndugu yangu Fimbo, umenifungulia ukurasa mzima. Nimepima kwa mchoro wao: kitufe cha "endelea" kiko juu kulia. Sijui nani alikiweka huko.

Mwana_wa_Menengai

Niko Nakuru, na nashangaa hakuna aliyetutaja zaidi ya kupitiwa. (Jiji tangu Desemba 2021, lakini kwa watu wa Kisumu bado ni mahali pa kukojoa na kununua mahindi.)

Shida yenu kubwa iko hapa kwetu. Gari limetoka Kisumu limejaa. Kericho wanashuka wawili. Nakuru wanashuka wanne. Hivyo viti sita vinauzwa tena kwenda Nairobi, na ndivyo safari inalipa. Leo kinachofanyika ni makanga kupiga simu wakiwa Salgaa: "Nina nne za kushuka, niwekee watu." Karani wa Nakuru anawaambia wanaosubiri wasogee. Kazi imekwisha.

Mashine inayojua kiti kimoja ni safari moja ya Kisumu hadi Nairobi itafanya moja kati ya mawili. Itamkataza wa Nakuru kununua kiti ambacho kitakuwa wazi, au itakuwa haijui kabisa na makanga ataviuza mwenyewe nje ya vitabu. Shirika la ndege na reli hugawa safari vipande, kila kipande kina viti vyake. Muulizeni muuzaji programu yake inagawa vipande? Akikuambia "hiyo tutaongeza baadaye", fungeni mkoba wake mmpe.

MakangaMstaafu

Menengai, hizo nne za Nakuru ndizo zilizosomesha watoto wangu, usizitangaze sana.

MtuWaMbagala

Poleni majirani, nimeuona uzi nikaona niongeze la Dar. Mwendokasi ulipoanza Mei 2016, kitu cha kwanza kilichojengwa ni vituo vyenye uzio na geti. Unalipia nje, unakaguliwa getini, basi likija unapanda bila kuongea na mtu. Kivuko cha Kigamboni nacho ni hivyo hivyo, kadi inaguswa getini kabla hujaona maji. Malipo ya mashine yanafuata geti. Hapo steji yenu kuna geti? Mtu asiyelipa kwenye kioo anazuiwa na nani asipande?

Karani_Ksm

Anazuiwa na makanga. Akitaka.

Mnakuru_London

Mimi mtoto wa Nakuru, niko London. Kadi ya Oyster ilianza 2003, na tangu Julai 6, 2014 basi la hapa halipokei pesa taslimu kabisa. Mwaka 2015 walifunga madirisha ya tiketi kwenye treni za chini ya ardhi, mashine zikabaki. Zipo nafasi za kazi zilizopotea, sitakuficha karani. Lakini waliobaki walitolewa nyuma ya glasi wakasimamishwa ukumbini, kando ya mashine zenyewe, na mpaka leo nikipita namwona mmoja ameinama anamsaidia mgeni mwenye masanduku. Mashine ina lugha nyingi, ina alama, ina kila kitu, na bado anasimama mtu. Usikubali waandike "hakuna karani". Waandike karani atasimama wapi.

Karani_Ksm

Wadau, nimeandika. Sitabandika barua nzima, ila mambo yenyewe ni haya.

Mashine ikubaliwe kwa magari ya Nairobi pekee, moja kwanza, na ikae chini ya paa la ofisi uso ukitazama kusini. Kioo kiwe cha kuvumilia maji, si cha miale. Chini yake pawe na vitufe vya kweli na tundu la sauti, na kila kinachoguswa kiwe chini ya sentimita 122. Kiswahili kiwe cha kwanza kwenye skrini, Dholuo na Kiingereza zifuate. Muuzaji aje kufanya lile jaribio la kuzima simu mbele ya wenye magari, na aonyeshe kiti cha Kisumu hadi Nakuru kikiuzwa tena Nakuru hadi Nairobi. Asipoweza, hakuna haja ya kuzungumza bei.

Pesa ya gari iingie kwa laini ya gari kabla halijatoka steji. Mzee MakangaMstaafu, hiyo nimeiandika kwa jina lako bila kukutaja. Bei ibadilishwe na watu wawili kwa pamoja, mwenyekiti na mwakilishi wa makanga, na skrini ionyeshe tarehe ambayo nauli ilibadilishwa mara ya mwisho. Mtu akiona imebadilishwa leo asubuhi, na mvua haijanyesha hata, ataelewa.

Kwa magari ya Kakamega, Luanda na Busia nimeomba kitu kingine: ubao wa mwanga usioguswa, wa kuonyesha nauli ya leo na gari lipi liko zamu. Hiyo ni ya Mama NyarAhero. Mzigo nao ubaki dirishani kwa karani, pamoja na mzani mpya, maana ule wa sasa unapima gunia na upepo.

Nimeandika pia kwamba karani atoke nyuma ya dirisha. Sijui kama watanunua kiti cha kukalia huko nje.

FundiVioo

Ongeza dhamana: skrini ikifa, nani analeta nyingine na kwa siku ngapi. Ikiwa jibu ni "inatoka nje ya nchi", wanunue na ya akiba siku hiyo hiyo.

Karani_Ksm

Nimeongeza.

NyarAhero

Mwanangu, huo mzani wauweke kwanza hata kabla ya hicho kioo.

MakangaMstaafu

Kuna kitu hamjauliza nyote, na mimi nilikuwa nasubiri. Kile kiti cha mbele, kando ya dereva. Kwenye mchoro wa mashine kinauzwa?

Karani_Ksm

Kimewekewa rangi ya kijivu, hakiguswi. Madereva walishapita ofisini.